Kutoka Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere hadi Posta kwa Nauli Ndogo: Tathmini ya Daladala, Gari la Programu na Teksi

Kati ya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere na Posta, katikati ya jiji la Dar es Salaam, pana kilomita zipatazo 12 tu, tena kwa barabara moja, lakini mtu anayetua hapa kwa ajili ya likizo anaweza kuzilipia kilomita hizo chini ya shilingi 1,000 au akazilipia shilingi 50,000, na tofauti hiyo hutegemea zaidi mahali aliposimama wakati wa kuuliza bei kuliko gari atakalopanda. Njia ninazozipima hapa nimezitumia mwenyewe, nyingine nikiwa peke yangu na nyingine nikiwapokea ndugu waliotoka Mwanza, Mbeya na Nairobi wakiwa na watoto na mabegi, na maoni yangu ni kwamba geti la uwanja ndilo linalopanga bei. Ndani ya geti unauziwa usafiri kama mgeni. Nje ya geti unauziwa kama mkazi wa Kipawa, mtaa wa jirani na uwanja, anayekwenda soko la Kariakoo kununua vitenge.

Ni vema kwanza kujua umetua kwenye jengo gani. Jengo la tatu, lililofunguliwa Agosti 2019 likiwa na uwezo wa kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka, ndilo linalopokea ndege za kimataifa. Jengo la pili, lililoanza kazi mwaka 1984, limebaki na ndege nyingi za ndani, na jengo la kwanza, ambalo ndilo kongwe, ni la ndege ndogo na za kukodi. Kwa mtafuta nauli ndogo jengo la pili lina nafuu, kwani mtu mwenye begi la mgongoni huweza kuifikia Barabara ya Nyerere kwa miguu bila kuchoka. Jengo la tatu ni zuri, lina ubaridi, lina nafasi, na vyoo vyake vinatunzwa, ila eneo lake la nje limepangwa kwa ajili ya watu wenye magari: maegesho mapana, barabara za kuzunguka, na jua la saa saba mchana likimwangukia yeyote anayeburuta begi la magurudumu kuelekea barabara kuu. Hakuna basi la uwanja linalowapeleka abiria mjini kwa nauli ya kawaida, jambo ambalo kwa uwanja wa ukubwa huu ni upungufu ambao siwezi kuutafutia utetezi.

Anayeamua kutoka nje atalazimika kupita kwanza kwenye mlango wa kuwasili, ambako madereva humsubiri kwa sauti za upole na maneno yale yale, “Karibu bosi, teksi? Tunaenda mjini?” Inatosha kuwajibu kwa salamu, kushukuru na kuendelea kutembea, hawakasiriki, na wala hawamfuati mtu mbali. Kama jua ni kali au begi ni zito, bajaji zilizo karibu na barabara hukubali kumfikisha mtu kituoni kwa shilingi elfu moja au mbili, na hiyo ni pesa ambayo sijawahi kuijutia.

Kituoni, magari ya kutafuta ni yale yanayotoka Gongo la Mboto, Pugu au Chanika kuelekea Kariakoo, Mnazi Mmoja, Posta au Kivukoni. Njia imeandikwa mbele ya gari na rangi ya mstari wa ubavuni hutofautisha ruti moja na nyingine, lakini maandishi peke yake hayatoshi, kwa sababu magari mengine hukatisha njia yakiona foleni ni kubwa, na abiria wa Posta akajikuta ameshushwa Kariakoo na kuambiwa kwamba hapo ndipo mwisho wa gari. Muulize konda kabla ya kupanda, kwa sentensi nzima na kwa sauti ambayo abiria waliokaa mlangoni wataisikia: “Kaka, gari hili linafika Posta au linaishia Kariakoo?” Akikujibu mbele ya mashahidi, kwa kawaida atalitimiza neno lake, na asipolitimiza utakuwa na watu watano wa kukutetea, kwa maana abiria wa Dar es Salaam hupenda kesi ya aina hiyo.

Nauli hizi hupangwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, na kwa viwango vilivyoanza kutumika Desemba 2023 safari ya daladala isiyozidi kilomita 10 ilipanda kutoka shilingi 500 hadi 600, huku safari ndefu zaidi ikiongezeka kidogo kidogo kulingana na umbali. Kwa vyovyote vile, kutoka uwanja wa ndege hadi mjini abiria mmoja hafikishi shilingi elfu moja. Linaloweza kuongeza gharama ni mzigo. Begi la mgongoni ukilipakata halina malipo. Begi kubwa la safari litawekwa nyuma ya dereva au karibu na mlango, na konda atadai lilipiwe kama mtu. Dai hilo si la bure kabisa, kwa sababu mahali lilipolazwa begi lako pangesimama abiria, kwa hiyo mimi hukubali nauli moja ya ziada na kukataa mbili. Shughuli kubwa zaidi ni chenji. Mtu aliyetoka kuchukua pesa kwenye mashine ya benki huwa na noti za elfu kumi tupu, na konda wa asubuhi hana subira na noti hizo. Nunua maji au kadi ya simu kabla ya kutoka, upate noti ndogo, na utakuwa umeepuka mabishano yote.

Kuhusu starehe, sitamdanganya mtu. Magari mengi ya njia hii ni mabasi madogo ya Coaster na Eicher yaliyokwishatumika sana, viti vyake ni vyembamba kiasi kwamba magoti ya mtu mrefu hugusa kiti cha mbele, na madirisha ndiyo kiyoyozi. Mchana, kati ya saa tano na saa tisa, gari huwa na siti, upepo unapita, na safari yenyewe ni sehemu ya likizo kwa mtu anayependa kuutazama mji ukifanya kazi: viwanda na maghala ya pande zote mbili za barabara, vibanda vya mafundi, wauza maji wakikimbilia madirishani, kisha stesheni ya TAZARA, jengo kubwa la reli ile iliyojengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1970. Asubuhi hali ni nyingine. Kuanzia saa kumi na mbili hadi saa nne magari hufika kituo cha uwanja wa ndege yakiwa yameshajaa tangu Gongo la Mboto, abiria wamesimama hadi mlangoni, na mtu mwenye begi hapandi bila kuwaudhi watu ambao wanachelewa kazini.

Wakazi wana dawa ya hali hiyo, nayo ni kugeuza na gari. Badala ya kulisubiri gari la mjini lililojaa, unapanda lile linalorudi Gongo la Mboto, ambalo saa hizo huwa na nafasi, unakwenda nalo hadi mwisho, unabaki umekaa kwenye siti yako wakati watu wa pale wanapoligombania kwa viwiko na madirisha, kisha unarudi nalo hadi mjini. Unalipa nauli mbili, ambazo zote pamoja hazifiki shilingi elfu mbili, na unapata siti ya uhakika na mahali pa begi. Ni mzunguko unaokula muda, hivyo haumfai mwenye haraka, lakini mwenye likizo ana muda kuliko pesa, na sijaona njia nyingine ya kufika mjini asubuhi kwa bei hiyo ukiwa umekaa.

Foleni ndiyo kasoro kubwa ya barabara hii, na haichagui chombo. Daraja la Mfugale, lililofunguliwa Septemba 2018 juu ya makutano ya Tazara, liliondoa ule msongamano wa zamani ambapo gari la mjini lilingoja magari ya Barabara ya Mandela yapite, lakini msongamano haukwisha. Ulisogea mbele, na sasa mtu huukuta akikaribia Kamata na Gerezani. Ujenzi wa njia za mabasi yaendayo haraka awamu ya tatu, yenye urefu wa kilomita 23.6 kati ya mjini na Gongo la Mboto, nao uliifinya barabara kwa muda mrefu. Nilipozifanya safari ninazozieleza hapa mabasi hayo yalikuwa hayajaanza kubeba abiria upande huu. Siku yatakapobeba kwa mpangilio unaofanana na ule wa Kimara na Kivukoni, ulioanza mwaka 2016, sehemu kubwa ya tathmini hii itapitwa na wakati, na nitafurahi.

Kuna pia treni ya mjini kati ya Stesheni na Pugu, inayopita si mbali na uwanja. Bei yake ni rafiki, lakini imepangwa kwa ajili ya wafanyakazi wa asubuhi na jioni, hujaa sana, na siipendekezi kwa mgeni mwenye mzigo.

Tukija kwenye magari yanayoitwa kwa programu za simu, kama vile Bolt na inDrive, hapa bei hupanda mara nyingi zaidi ya ile ya daladala na bado hubaki karibu nusu ya teksi ya uwanjani. Nimelipa kati ya shilingi elfu kumi na tano na elfu ishirini na tano kufika Posta kutegemea saa na mvua, na wakati wa mvua za masika ni afadhali kujiandaa kwa kiwango cha juu. Gari huwa ni dogo, mara nyingi safi, buti lake huingiza mabegi mawili makubwa kwa shida, na dereva hufahamu mitaa ya katikati ya jiji vizuri. Ukitaka kupunguza zaidi, chagua bajaji ndani ya programu hiyo hiyo, ingawa Barabara ya Nyerere ina malori mengi, na kukaa nusu saa nyuma ya moshi wa lori si jambo ninalomtakia mtu aliyetoka safarini. Isitoshe, mamlaka za mkoa zimewahi kuzizuia bajaji na bodaboda kuingia katikati ya jiji, na dereva anaweza kukushusha pembeni kwa kuogopa askari. Bodaboda kwa mtu mwenye begi la safari naiacha bila maelezo.

Udhaifu wa huduma hii uko kwenye mazungumzo yanayotangulia safari. Ukishapata dereva, atakupigia simu na kuuliza mambo mawili, unakwenda wapi na unalipa kwa njia gani, ilhali yote mawili yameshaandikwa. Ukijibu kwamba utalipa kwa kadi, uwezekano ni mkubwa kwamba ombi lako litafutwa. Dereva mmoja, wa kampuni nisiyoitaja, aliniomba nifute safari mimi mwenyewe na kumlipa mkononi kwa bei ile ile, na nilipokataa alikaa kimya mahali alipo hadi nilipochoka kusubiri. Chanzo cha tabia hii kinajulikana: kampuni hukata kamisheni katika kila safari, na madereva huiona ni kubwa mno. Mwaka 2022 LATRA ilipoweka ukomo wa kamisheni wa asilimia 15, Uber, mojawapo ya kampuni hizo, ilisimamisha huduma, na ukomo huo ukaja kulegezwa baadaye. Ninamwelewa dereva, lakini sikubali ombi lake, kwa sababu safari iliyofutwa haina kumbukumbu yoyote endapo simu yangu itabaki kwenye kiti cha nyuma. Ushauri wangu ni kuwa na fedha taslimu au pesa ya kwenye simu, kumwambia dereva mapema jengo ulilopo na mlango uliosimama, na kuuliza kama tozo ya maegesho imo kwenye bei au utaongeza mwenyewe. Tozo hiyo ni ndogo, ila ikitajwa mwisho wa safari huharibu maelewano. Anayeweza kutembea hadi nje ya geti na kuita gari akiwa kando ya barabara kuu huondokana na suala hilo kabisa, na mara nyingi hupata gari upesi zaidi.

Wageni wanaotoka nje ya nchi wakumbuke kwamba laini ya simu ya Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole, kwa kitambulisho cha taifa au hati ya kusafiria. Kama hutaki kuanza likizo kwa usajili huo, pakua programu na ujisajili ukiwa bado nyumbani, kwa laini yako ya kawaida, ndipo utumie intaneti ya uwanjani kuita gari.

Teksi za uwanjani zina sifa ya kuwa ghali, na ni ghali kweli, ila si za kudharauliwa. Bei ya kufungulia mazungumzo huwa shilingi elfu arobaini au hamsini, na kwa mtu anayejua kuzungumza hushuka hadi thelathini. Kuzungumza hapa hakuanzi na bei. Madereva wengi wa kituo hiki ni watu wazima waliokaa hapa miaka mingi, na kijana anayemwendea mzee wa namna hiyo kwa “Mjini ngapi?” hujibiwa bei ya juu. Ukimwambia, “Shikamoo mzee, naomba unisaidie kufika Mnazi Mmoja, nina elfu ishirini na tano,” ataitikia marahaba, atacheka, atasema mafuta yamepanda mwanangu, na mtakutana kwenye thelathini. Ndege inayotua saa saba au saa nane usiku ndiyo inayozipa teksi hizi thamani yake: daladala zimeadimika, madereva wa programu ni wachache na wanachagua safari, na wewe umechoka, unahitaji gari ambalo liko mlangoni na dereva ambaye wenzake wa kituoni wanamfahamu. Saa hizo sitamshauri mtu yeyote atembee hadi Barabara ya Nyerere ili kuokoa elfu kumi.

Ukubwa wa msafara nao hubadilisha hesabu. Mtu mmoja mwenye begi dogo, mchana, hana sababu ya kupanda kingine isipokuwa daladala. Wakiwa wawili, bado daladala inashinda. Familia ya watu wazima wanne wenye mabegi manne, ambayo kila moja litadaiwa nauli, pamoja na bajaji mbili za kuwatoa jengo la tatu hadi kituoni, itajikuta imetumia karibu shilingi elfu kumi na kupata mateso, wakati gari la programu la elfu ishirini lingewaweka mlangoni mwa gesti kwa elfu tano kila mmoja. Hapo mimi huchagua gari la programu bila kusita, na kama mabegi ni makubwa naomba aina ya gari yenye nafasi zaidi.

Ni muhimu vilevile kujiuliza kama ni lazima kwenda katikati ya jiji. Aliyepanga chumba Sinza, Mwenge au Mikocheni hana haja ya kupitia Posta: apande daladala za Gongo la Mboto zinazokwenda Ubungo au Makumbusho, nyingi kati ya hizo zikiiacha Barabara ya Nyerere pale Tazara na kukata Buguruni, na atakuwa ameepuka foleni ya Kamata. Anayekwenda kwenye fukwe za Kigamboni, kwa upande mwingine, afike Kivukoni na kuvuka kwa pantoni, ambayo mtembea kwa miguu hulipia shilingi 200 tu. Kulizungukia Daraja la Nyerere la Kigamboni kwa gari la kukodi ni raha zaidi lakini hakupatani na lengo la makala haya.

Kariakoo panahitaji tahadhari ambayo Posta haihitaji sana. Ukishuka pale na begi, simu iwe imefichwa tangu ndani ya gari, kwa kuwa wezi hunyakua hata kupitia dirishani gari linaposimama kwenye foleni, na wapiga debe hulichukua begi la mgeni mikononi kabla hajasema anakwenda wapi. Lishike mwenyewe. Kama chumba chako kiko mitaa ya Libya, Jamhuri au Samora, vumilia uende na gari hadi Posta, ambako mtu huweza kutembea kwa utulivu.

Kwa mwenye kuunganisha safari ya Zanzibar kwa boti, kituo cha kushuka ni Posta ya Zamani, na kutoka hapo ni kutembea kando ya bandari kwa Barabara ya Sokoine hadi zilipo ofisi za boti karibu na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Boti za kasi huchukua takriban saa mbili, na ya mwisho huondoka jioni mapema, kwa hiyo ndege inayotua baada ya saa nane mchana haitoi nafasi ya kutosha ya kugeuza na gari wala ya kusubiri siti. Siku hiyo lipia gari la programu. Tiketi inunuliwe dirishani, ndani ya ofisi, ukiwa na kitambulisho au hati ya kusafiria mkononi, wala si kwa yule kijana mwenye shati safi anayekulaki hatua chache kabla ya mlango na kukuambia kwamba boti imejaa.